Mundu Ndani ya Damu: Historia ya Himoglobini

Mwishoni mwa Desemba 1904, kijana wa miaka 20 aitwaye Walter Clement Noel alilazwa katika Hospitali ya Presbyterian mjini Chicago. Alikuwa ametoka kisiwa cha Grenada miezi michache tu kabla, kwenda kusomea udaktari wa meno. Alikohoa, alikuwa na homa na upungufu wa damu, na miguuni alikuwa na makovu ya vidonda vya zamani. Daktari mwanagenzi aliyempokea, Ernest Irons, alichukua tone la damu yake na kulitazama kwa hadubini. Baadhi ya chembe nyekundu hazikuwa na umbo lake la kawaida la duara. Zilikuwa nyembamba na ndefu, zimepinda kama mundu wa kuvunia.

Mkubwa wake, Dkt. James Herrick, alimfuatilia mgonjwa huyo kwa zaidi ya miaka miwili, na mwaka 1910 akachapisha taarifa yake. Hakuupa ugonjwa jina, wala hakuwa na tiba ya kupendekeza. Alichoshuku ni kwamba huenda kuna kitu kimebadilika katika maumbile ya chembe yenyewe. Noel alimaliza masomo, akarudi Grenada, akafungua kliniki ya meno mjini St. George's, na mwaka 1916 akafa kwa nimonia kabla hajafikisha miaka 33. Afrika nako, familia nyingi zilikuwa zimeishi na ugonjwa huo vizazi na vizazi bila hadubini: mtoto mwenye macho ya manjano, anayelia viungo usiku, anayevimba vidole, na ambaye mara nyingi hafiki umri wa kwenda shule.

Hapo ndipo ilipoanza kuandikwa historia ya ugonjwa tunaouita leo selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyosema Tanzania. Ndani ya historia hiyo mna historia nyingine, ya jinsi binadamu alivyojifunza protini ni nini, inapataje umbo lake, na umbo hilo linafanya kazi gani mwilini.

Dalili mbili za mwanzo

Baada ya Herrick, taarifa nyingine zilifuata moja moja. Mwaka 1917 Victor Emmel alichukua damu ya baba wa mgonjwa mmoja, mtu mzima asiyeumwa chochote, akaihifadhi kwenye kioo. Baada ya muda chembe za baba nazo zikajipinda. Mwaka 1922 Verne Mason aliuita ugonjwa huo kwa jina la mundu, na jina likakaa. Mwaka 1927 Hahn na Gillespie walionyesha kwamba chembe hizo hujipinda oksijeni inapopungua, na ikirudishwa nyingi hurejea kwenye umbo lake la duara.

Kwa hiyo kabla ya vita ya pili ya dunia kulikuwa na dalili mbili mezani. Ya kwanza: kuna watu wazima wenye afya ambao damu yao ina tabia hiyo hiyo ikiwekwa mahali pasipo hewa. Ya pili: kujipinda kunakwenda na kurudi kwa kufuata oksijeni. Kitu ndani ya chembe kilikuwa kinaona tofauti kati ya kuwa na oksijeni na kutokuwa nayo, na chembe nyekundu haina kingine cha kuonea tofauti hiyo isipokuwa himoglobini.

Mzigo wa chembe nyekundu

Chembe moja nyekundu ya damu hubeba molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270. Ni hiyo inayoipa damu wekundu wake, na ni hiyo inayochukua oksijeni mapafuni na kuiachia kwenye misuli, ubongo na viungo vingine. Mwaka 1840 Mjerumani Friedrich Hünefeld aliona damu iliyokaukia kati ya vipande vya kioo ikitoa fuwele. Mwaka 1864 mwenzake Felix Hoppe-Seyler aliipa himoglobini jina lake. Fuwele zile zilibeba habari kubwa ambayo ilichukua miaka mingi kueleweka: kitu hakiwezi kujipanga kuwa fuwele kama vipande vyake havina umbo moja. Protini basi haikuwa uji usio na umbo. Kila molekuli yake ilijengwa kwa mpango, na mpango huo ulirudiwa bila kukosea.

Mpango wenyewe ni huu. Protini ni mnyororo wa asidi amino, ambazo ziko za aina 20 za kawaida, zimeunganishwa moja baada ya nyingine kama shanga kwenye uzi. Nyingine hupenda maji, nyingine huyakwepa. Nyingine zina chaji ya umeme, nyingine hazina. Mnyororo ukishatengenezwa ndani ya seli, haukai umenyooka. Sehemu zinazokwepa maji hukimbilia ndani, zinazopenda maji hubaki nje, na mnyororo mzima hujikunja mpaka upate umbo lake mahususi. Umbo hilo ndilo linaloamua kazi. Kimeng'enya kina kishimo kinachopokea sukari fulani na kukataa nyingine. Kingamwili ina ncha inayoshika kirusi fulani. Himoglobini ina vishimo vinne, kila kimoja na atomu moja ya chuma inayoshika oksijeni.

Hesabu ya vishimo vinne ilitokana na Mwingereza Gilbert Adair, ambaye katikati ya miaka ya 1920 alipima uzito wa himoglobini na kukuta ni mara nne ya ule uliodhaniwa kwa kufuata kiasi cha chuma. Ikadhihirika kwamba himoglobini ni minyororo minne iliyoshikamana, miwili ya aina ya alfa na miwili ya aina ya beta. Baadaye ilijulikana kwamba alfa ina asidi amino 141 na beta 146, jumla 574 katika molekuli nzima.

Mwaka 1937, kijana kutoka Vienna aitwaye Max Perutz, aliyekuwa amehamia Cambridge mwaka mmoja kabla, aliamua kutafuta umbo la himoglobini kwa kupitisha eksirei kwenye fuwele za damu ya farasi. Miale ikipita kwenye fuwele hutawanyika na kuacha madoa kwenye filamu, na anayeweza kuyasoma madoa hayo anaweza kukokotoa mahali pa kila atomu. Tatizo lilikuwa kwamba molekuli yenye maelfu ya atomu haikuwa imewahi kusomwa na mtu yeyote. Wakati wa vita, serikali ya Uingereza ilimkamata Perutz kama raia wa nchi adui na kumpeleka kizuizini Canada. Aliporudi, aliendelea pale alipoishia. Jibu lilimchukua miaka 22.

Umeme mjini Pasadena

Perutz alipokuwa bado anahangaika na madoa yake, dalili zile mbili za selimundu zilimfikia mtu aliyejua namna ya kuziunganisha. Mwaka 1945 mwanakemia Linus Pauling wa Pasadena alikaa kwenye kamati moja na daktari wa Harvard, William Castle. Castle alimsimulia habari za chembe zinazojipinda oksijeni inapopungua. Pauling alikuwa amechunguza himoglobini na sumaku yake tangu miaka ya 1930, na hapo hapo akawaza kwamba ugonjwa huo huenda haukai kwenye chembe, bali kwenye molekuli iliyo ndani yake.

Kazi ya kuthibitisha alimpa daktari kijana aliyefika kwake mwaka 1946, Harvey Itano. Mwaka 1942 Itano alikuwa mhitimu bora wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lakini hakuwapo kupokea heshima yake, kwa kuwa alikuwa amefungiwa kambini pamoja na Wamarekani wengine wenye asili ya Japani. Pamoja na S. J. Singer na Ibert Wells, aliweka himoglobini kwenye mmumunyo na kupitisha umeme. Katika mmumunyo ulio karibu kabisa na hali ya kati, usio wa asidi wala alkali, himoglobini ya mtu mzima wa afya ilisogea upande mmoja, na ya mgonjwa wa selimundu ikasogea upande wa pili. Chaji zao zilitofautiana. Ya mzazi wa mgonjwa, asiyeumwa, ilijigawa: sehemu ikaenda huku, sehemu kule.

Makala yao ilitoka Novemba 1949 katika jarida la Science, na kwa mara ya kwanza ugonjwa ulielezwa kuwa ni ugonjwa wa molekuli. Mwaka huo huo James Neel wa Marekani na daktari wa kikoloni E. A. Beet, aliyefanya kazi Rhodesia Kaskazini, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha jinsi unavyorithiwa. Mtoto anayepata jeni ya selimundu kwa wazazi wote wawili huugua. Anayepata moja tu hubeba himoglobini za aina zote mbili, na kwa kawaida huishi bila kujua.

Swali jipya likajitokeza. Kama jeni hii huua watoto kabla hawajazaa, mbona haikumalizika zamani? Jibu lake halikupatikana Pasadena wala Cambridge.

Kutoka Gilgil hadi Musoma

Uganda ndiko hesabu zilikoanza kushangaza. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha matokeo ya kupima damu za makabila mbalimbali ya nchi hiyo. Miongoni mwa Waamba wanaoishi chini ya milima ya Ruwenzori, kiasi cha watu 45 kwa kila 100 walibeba tabia ya selimundu. Kwa baadhi ya makabila ya nchi hiyo hiyo walikuwa wachache mno. Maelezo yaliyopendwa wakati huo yalikuwa ya uhamiaji: nani alitoka wapi, nani alichanganyika na nani.

Mwaka huo huo Anthony Allison alifika Kenya na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja kuchunguza Mlima Kenya. Yeye hakuwa mgeni. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, lakini alikulia Bonde la Ufa, kwenye shamba la wazazi wake karibu na Gilgil, na malaria aliijua kwa kuugua. Wenzake walipokuwa wakikusanya mimea na wadudu, yeye alikusanya damu. Akakuta mpangilio ambao uhamiaji haukuweza kuueleza. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kwa kila 100 walibeba jeni ya selimundu. Nyanda za juu, kwa Wakikuyu na majirani zao, hawakufika hata mmoja kwa 100. Wanaozungumza lugha za ukoo mmoja walitofautiana, na wasiohusiana kwa lugha walifanana, alimradi wanaishi mahali pa aina moja. Mtu aliyekulia Kenya hakuhitaji kuambiwa pwani na ziwa vina nini ambacho Nyeri haina. Vina mbu wa malaria mwaka mzima.

Ilibidi Allison amalize kwanza masomo ya udaktari. Mwaka 1953 alirudi. Huko Buganda alipima watoto 290 wa umri usiozidi miaka mitano. Kati ya 43 waliobeba jeni moja ya selimundu, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasioibeba, walikutwa navyo 113. Hiyo ni kama watoto 28 kwa 100 dhidi ya 46 kwa 100.

Kisha akafanya jaribio ambalo leo kamati za maadili zisingelipitisha kwa urahisi. Wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea, ambao walikuwa wamekaa muda mrefu nje ya maeneo ya malaria, waliambukizwa malaria kwa makusudi na kufuatiliwa. Katika 15 wasiobeba jeni ya selimundu, 14 walionyesha vimelea kwenye damu. Katika 15 walioibeba, walionyesha wawili tu. Makala yake ilitoka Februari 1954 katika jarida la madaktari wa Uingereza, pamoja na hesabu za maelfu ya Waafrika Mashariki aliowapima kutoka makabila mengi.

Hesabu za wilaya ya Musoma, Tanganyika, alizozitoa baadaye, zinaonyesha mambo yote mawili kwa pamoja, ugonjwa na kinga. Katika watoto wachanga 287, tisa walikuwa na jeni mbili za selimundu. Katika watu wazima 654, walibaki watano tu wa aina hiyo: wengi wa watoto wale hawakukua. Lakini wenye jeni moja waliongezeka kutoka watoto 89 kati ya 287, yaani 31 kwa 100, hadi watu wazima 249 kati ya 654, yaani 38 kwa 100. Wenye jeni mbili waliuawa na selimundu. Baadhi ya wasio na jeni hata moja waliuawa na malaria. Wenye jeni moja walipita katikati. Kila kizazi jeni ilipotea upande mmoja na kurudishwa upande wa pili, na ndiyo maana haikuisha.

Miaka 50 baadaye, huko Kilifi, watafiti wa taasisi za utafiti wa afya KEMRI na Wellcome wakiongozwa na Thomas Williams walifuatilia watoto wa pwani na kupata vipimo vya uhakika zaidi. Jeni moja ya selimundu hupunguza malaria ya kawaida kwa karibu nusu, na malaria kali ile inayoua kwa karibu 90 kwa 100.

Doa moja lililohama

Bado hakuna aliyejua tofauti yenyewe iko wapi kwenye molekuli. Umeme ulikuwa umesema chaji si sawa. Haukusema ni mahali gani kati ya asidi amino 574. Wapo waliodhani mnyororo ni ule ule ila umekunjwa vingine.

Mwaka 1955 Frederick Sanger wa Cambridge alikamilisha kusoma insulini asidi amino moja baada ya nyingine, na kuthibitisha kwamba kila protini ina mfuatano wake usiobadilika. Katika mji huo huo, kwenye maabara ya Perutz, Vernon Ingram alianza kuchunguza himoglobini ya selimundu kutokana na sampuli ambayo Allison alikuwa ameiacha hapo. Ingram, kama Lehmann, alikuwa mtu aliyeikimbia Ulaya ya Hitler. Alifika Uingereza akiwa kijana mdogo kutoka Breslau.

Kusoma himoglobini nzima kungemchukua miaka. Akatafuta njia ya mkato. Aliikata kwa kimeng'enya cha tripsini, ambacho hukata mnyororo mahali maalumu tu, akapata vipande karibu 30. Akavitandaza kwenye karatasi, kwanza kwa umeme kuelekea upande mmoja, kisha kwa kimiminika kuelekea upande mwingine. Kila kipande kikaacha doa mahali pake. Alipolinganisha karatasi ya himoglobini ya kawaida na ile ya selimundu, madoa yote yalilingana isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa mwaka 1956. Mwaka 1957 alikuwa amekifungua kipande hicho na kupata jibu: mahali pa asidi ya glutamiki, yenye chaji na yenye kupenda maji, paliingia valini, isiyo na chaji na yenye kuyakwepa maji. Baadaye ilifahamika kwamba ni asidi amino ya sita katika mnyororo wa beta.

Tangu zamani wanasayansi walijua kwamba jeni hurithisha tabia, lakini jinsi jeni inavyoufikia mwili ilikuwa dhana. Ingram alionyesha kwa ushahidi kwamba badiliko dogo la jeni huweza kubadilisha asidi amino moja tu katika protini, na kwamba hiyo moja inatosha.

Mkunjo mzima, jirani mbaya

Perutz aliona njia ya kutoka mwaka 1953, alipofunga atomu za zebaki kwenye himoglobini na kuzitumia kama alama za kusomea madoa ya eksirei. Mwaka 1959 alipata picha yake ya kwanza, na mwaka 1960 akaichapisha. Minyororo yote minne ilikuwa imekunjwa kwa namna ile ile ambayo mwenzake John Kendrew aliipata katika mayoglobini ya nyangumi, protini ndogo inayotunza oksijeni kwenye misuli. Farasi wa nchi kavu na nyangumi wa baharini walikuwa na mkunjo mmoja, ingawa mfuatano wa asidi amino ulitofautiana sana. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1962.

Katika miaka hiyo, huko Bethesda, Christian Anfinsen alichukua kimeng'enya cha ng'ombe chenye asidi amino 124, akakikunjua kwa kemikali mpaka kikapoteza kazi yake, kisha akaziondoa kemikali hizo. Kimeng'enya kikajikunja tena chenyewe na kuanza kazi. Hakuna aliyekielekeza, maelekezo yalikuwa kwenye mfuatano wenyewe. Kwa hilo alipata Nobel ya mwaka 1972.

Mtu akiunganisha habari ya Ingram na ya Anfinsen, atadhani anajua mwisho wake: mfuatano umekosewa, basi mkunjo umeharibika, basi kazi imeharibika. Sivyo ilivyo. Himoglobini ya selimundu hujikunja vizuri. Molekuli yake moja, ikitazamwa peke yake, ina umbo linalokaribia kuwa sawa kabisa na la kawaida, na hubeba oksijeni. Valini ile iko nje, juu ya uso wa molekuli, mbali na chuma.

Ubaya wake huonekana oksijeni inapoachiwa. Mwaka 1938 huko Prague, Felix Haurowitz aliona fuwele za himoglobini zikibadili umbo na rangi hewa ilipozifikia, na Perutz mwaka 1970 alieleza kwa nini: himoglobini ina maumbo mawili, moja la kushika oksijeni na jingine la kuiachia, na huhama kutoka hili kwenda lile mamia ya maelfu ya mara katika maisha yake. Katika umbo la kuiachia, beta hufunua kishimo kidogo kisichopenda maji. Molekuli ya kawaida haina cha kuchomeka humo. Ya selimundu ina valini, na valini ya molekuli moja huingia katika kishimo cha jirani yake. Hivyo ndivyo fuwele zilizosomwa na Wishner, Love na wenzao mwaka 1975 zilivyoonyesha. Jirani naye humshika jirani, mpaka zinatokea nyuzi ndefu ngumu, kila moja ya mistari 14 iliyosokotana, zinazoisukuma chembe mpaka inapinda. Chembe iliyopinda huziba mishipa midogo, na mtoto hulia viungo. Chembe ya kawaida huishi siku 120. Ya selimundu huvunjika baada ya siku 10 hadi 20.

Wahenga walisema mtu ni watu, na molekuli hii inafuata msemo huo. Ubaya wake haumo ndani yake, umo katika kukutana. Hata yule mwenye jeni moja huokolewa na majirani: himoglobini yake ya kawaida, ambayo ni zaidi ya nusu, hujichanganya na ile nyingine na kuchelewesha nyuzi, na chembe huwahi kurudi mapafuni kabla nyuzi hazijafungamana. Na kimelea cha malaria kikiingia kwenye chembe ya mtu huyo hakistawi. Chembe hujipinda mapema na wengu huiondoa, na hata kushikamana kwake na kuta za mishipa hupungua. Siku hizi programu ya kompyuta iitwayo AlphaFold hukisia mkunjo wa protini kutokana na mfuatano wake, na waliohusika walipata Nobel ya kemia ya mwaka 2024. Ni kazi kubwa, lakini umbo la himoglobini moja halitoshi kueleza kwa nini jeni ile ile ni ngao Musoma na mzigo mtupu Chicago.

Elimu ya haraka, tiba ya polepole

Selimundu ulikuwa ugonjwa wa kwanza kueleweka hadi kwenye molekuli, na wagonjwa wake wakawa miongoni mwa waliosubiri kwa muda mrefu zaidi. Tangu mwaka 1948 daktari Janet Watson wa New York alikuwa ameona kwamba watoto wachanga wenye ugonjwa huu hawaumwi miezi ya kwanza, kwa sababu bado wana himoglobini ya kichanga, ambayo haijiungi kwenye nyuzi. Dawa inayoirudisha kwa kiasi, haidroksiyurea, ilikubaliwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1998 tu. Afrika ilisubiri zaidi, kwani kulikuwa na hofu kwamba dawa hiyo ingewaongezea watoto malaria na maambukizi mengine. Utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa watoto 606, na kuchapishwa mwaka 2019, uliiondoa hofu hiyo: maumivu, haja ya kuongezewa damu, vifo na hata malaria yenyewe vilipungua. Muhimbili, Dar es Salaam, Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa, na kundi lao likawa mojawapo ya makubwa zaidi duniani.

Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri jeni za mgonjwa. Haigusi asidi amino ya sita. Huwasha tena himoglobini ya kichanga, jambo lile lile aliloliona Watson. Bei yake Marekani ni zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja, kwa hiyo kwa familia ya Kiamba chini ya Ruwenzori au ya Musoma ni kama haipo. Kilichopo ni kupima mtoto anapozaliwa, kumpa penisilini, kumkinga na malaria, na kumpa haidroksiyurea kila siku, mambo ambayo zahanati na hospitali ya wilaya zinaweza kuyafanya zikipewa vifaa.

Jeni yenyewe imeshasafiri. Iko London, Detroit na Muscat, mahali ambapo hakuna malaria ya kujikinga nayo, na huko imebaki na gharama bila faida. Afrika Mashariki nayo, kadiri vyandarua, dawa na chanjo vinavyoifukuza malaria, inaelekea huko huko. Ngao itapoteza kazi kwanza, lakini jeni itachukua vizazi vingi kupungua, na watoto wenye jeni mbili wataendelea kuzaliwa. Kila wilaya inayojivunia kupungua kwa malaria inapaswa kutenga pia fungu la kuwapima na kuwatibu watoto hao, kwa kuwa ugonjwa wao ni sehemu ya bei ambayo watu wa maeneo hayo waliilipa ili waishi na malaria.